Kabla Gia Boksi Haijashushwa

Ukitoka Mwanza kuelekea Sirari, lami hupita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikaingia Bunda chini ya mlima Balili, kisha ikapanda kaskazini hadi Makutano. Hapo anayekwenda Musoma hukata kushoto kulifuata ziwa, na anayekwenda Butiama hukata kulia kuielekea milima. Ni barabara ya mabasi, malori ya mpakani na Probox za abiria. Mara moja moja, hata hivyo, hupita mlio wa aina nyingine, mzito na wa kukatakata, ambao vijana wa stendi huutambua kabla gari lenyewe halijaonekana: Subaru yenye turbo, ya gia za mkono.

Siku gari hilo linapoletwa gereji ya Musoma likiwa linaunguruma tu bila kuvuta, ubovu mara nyingi uko kwenye sahani yenye kipenyo cha sentimita 23 au 24, iliyofichika kati ya injini na gia boksi. Mwenye gari ataambiwa anunue klachi. Ataambiwa pia kwamba ile ya kawaida "haihimili," atafute ya mbio. Kuanzia hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa klachi ya nguvu kupita mahitaji huharibu gari karibu sawa na klachi dhaifu, na klachi nzuri iliyofungwa vibaya haimalizi msimu mmoja wa mvua.

Mapenzi ya magari haya katika ukanda wetu hayakuanza jana. Safari Rally iliasisiwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi ilikata vumbi la Kenya, Uganda na Tanganyika kabla ya kubaki Kenya peke yake. Miaka ya 1990 Patrick Njiru wa Kenya aliwafanya mashabiki wa Afrika Mashariki wazione nyota sita za Subaru kama nyota zao. Mwaka 1997 Colin McRae wa Uskoti akashinda mbio hizo kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns wa Uingereza akashinda tena kwa gari la jina hilohilo. Kwa watu wa Mara, ambao mpaka wa Kenya umo ndani ya mkoa wao, habari hizo zilikuwa za jirani.

Sheria nazo zimechangia. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane. Tanzania huruhusu, ila hutoza ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Ndiyo maana Impreza WRX, Forester ya turbo au Toyota Altezza RS200 iliyoundwa miaka ya mwisho ya 1990 au mwanzo wa 2000 bado inaweza kushushwa bandari ya Dar es Salaam na kufika Musoma kwa magurudumu yake. Inafika na rangi inayong'aa na redio inayozungumza Kijapani. Klachi yake ina umri ambao hakuna anayeujua.

Kazi ya klachi ni kuunganisha na kutenganisha. Injini iliyowashwa lazima izunguke. Magurudumu ya gari lililosimama hayazunguki hata kidogo. Kati ya viwili hivyo panahitajika kitu kinachokubali kuteleza kwa muda mfupi, halafu kishike kabisa. Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye krenkshafti. Juu yake hukaa klachi pleti, sahani yenye utando wa msuguano pande zote mbili na meno katikati yanayoingia kwenye shafti ya gia boksi. Presha pleti huibana sahani hiyo kwenye flaiwili kwa springi ya mviringo yenye vidole. Dereva akikanyaga pedali, rilizi beringi hugusa vidole hivyo, springi huachia, sahani huwa huru, na gia hubadilishwa.

Utando ukiisha, ukilowa oili au ukiungua, sahani huteleza. Njia ya kuitambua hali hiyo haina gharama. Kwenye barabara tupu, gari likiwa gia ya nne au ya tano na injini ikizunguka polepole, dereva akanyage mafuta mpaka chini. Mshale wa mzunguko ukiruka huku ule wa mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Harufu kali ya kuungua ikifuata, hakuna haja ya jaribio la pili.

Hata hivyo fundi makini hasemi "lete klachi mpya" papo hapo. Huuliza kwanza.

"Fundi, klachi imeisha. Nataka ile ya mbio kabisa."

"Subiri kwanza, mura. Ilianza kuteleza ghafla au polepole? Na oili ya injini unaongeza kila baada ya muda gani?"

Swali la pili lina maana kubwa. Klachi iliyoanza kuteleza ghafla huku oili ikipungua huenda haijaisha kabisa, imelowa. Kwenye injini za Subaru za aina ya EJ, sili ya krenki ya nyuma huvuja baada ya miaka mingi, na juu yake kidogo kuna kifuniko cha kutenganisha oili ambacho matoleo mengi yalitoka kiwandani kikiwa cha plastiki. Kifuniko hicho hujipinda kwa joto, oili ikadondokea upande wa flaiwili. Anayefunga klachi ya gharama kubwa bila kubadilisha sili hiyo na kuweka kifuniko cha chuma anailowesha klachi mpya kwa uvujaji wa zamani. Chanzo kingine ni masta silinda isiyorudi vizuri: presha pleti inabaki imekanyagwa kidogo muda wote, na sahani inateleza ingawa utando wake bado ni mnene.

Ikithibitika kwamba klachi yenyewe ndiyo imekwisha, linakuja swali la ukubwa wa nguvu. Hapa watu wengi hutazama nguvu za farasi, na hapo ndipo wanapopotea njia, maana klachi hubeba nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita. Altezza RS200 ya gia sita ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 210, lakini nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 216 tu. Impreza STI ya mwaka 2001 ilitangazwa kuwa na farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutokivuka kwenye matangazo hadi mwaka 2004, lakini turbo yake ilitoa nyutoni-mita 373. Kwa farasi, tofauti ya magari hayo ni theluthi moja. Kwa klachi, tofauti inakaribia robo tatu.

Hesabu ya uwezo wa klachi ni fupi, na kila mnunuzi angefaa kuijua. Chukua idadi ya nyuso za msuguano, zidisha kwa kipimo cha msuguano wa utando, zidisha kwa nguvu ya presha pleti, zidisha kwa wastani wa umbali kutoka katikati ya sahani hadi kwenye utando. Tuseme sahani ina kipenyo cha milimita 240 na utando wake unaanzia kipenyo cha 160. Wastani wa umbali ni milimita 100, yaani mita 0.1. Nyuso ni mbili. Utando wa kawaida una kipimo cha msuguano cha karibu 0.3. Presha pleti ikibana kwa nyutoni 7,000, ambazo ni kama uzito wa kilo 700, jibu ni nyutoni-mita 420. Injini ya nyutoni-mita 373 itabebwa, na akiba kidogo itabaki.

Hesabu hiyo inaonyesha pia njia zote za kuongeza uwezo. Springi ikiongezwa nguvu, pedali huwa nzito na goti la dereva hulipa. Utando ukibadilishwa kuwa wenye msuguano wa 0.4, uwezo hupanda kutoka 420 hadi 560 bila kugusa springi, lakini ulaini wa kuondoka hupungua. Sahani ikiwa mbili badala ya moja, nyuso huwa nne na uwezo huongezeka maradufu, ila bei hupaa, na gari la mtaani halina haja nazo. Kwa anayeendesha gari la kila siku lenye nguvu kiasi, akiba ya asilimia 20 hadi 30 juu ya nguvu halisi ya injini inatosha.

Neno "halisi" lina uzito wake hapa Musoma. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji uko ukingoni mwa ziwa hilo. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo hupoteza kiasi kama hicho cha nguvu: Altezza yenye nyutoni-mita 216 kwenye karatasi itatoa kama 195 ikiwa Nyasho au Makoko. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kusukuma hewa zaidi. Kwa hiyo mwenye Altezza isiyobadilishwa anayeshawishiwa kununua klachi ya mbio anabebeshwa gharama ambayo injini yake haiwezi kuihalalisha hata Dar es Salaam, sembuse ukanda wa ziwa. Klachi ya kiwandani ya Aisin, ambaye ndiye mtengenezaji mkubwa wa klachi za Toyota, inamtosha kabisa.

Wauzaji hupenda kutumia neno "steji": steji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Neno hilo halina kipimo cha pamoja. Steji ya pili ya mtengenezaji mmoja inaweza kuwa dhaifu kuliko steji ya kwanza ya mwingine. Mnunuzi aulize nyutoni-mita, na muuzaji asipoweza kuzionyesha kwenye karatasi ya mtengenezaji, aende duka la pili.

Utando nao una tabia zake. Ule wa oganiki, uliosukwa kwa nyuzi na kushikwa kwa gundi ngumu, ndio unaotoka kiwandani katika magari mengi. Hushika kwa ulaini, husamehe dereva anayejifunza, na ukipata joto kiasi hurudi katika hali yake. Wa Kevlar, nyuzi zilizogunduliwa na Stephanie Kwolek katika maabara za kampuni ya DuPont mwaka 1965, hudumu muda mrefu, lakini huhitaji kuzoeshwa kwa subira, na ukiunguzwa mara moja hauponi. Wa seramiki iliyochanganywa na unga wa chuma huja kama vipande vitatu, vinne au sita vilivyopangwa kwenye sahani badala ya duara kamili. Huo hauogopi joto, ila hung'ata: pedali ikifika sehemu ya kushika, gari ama linaruka ama linazima. Pia huila flaiwili.

Mtu anayeishi Bweri, anayefanya kazi mjini na kwenda Bunda mwisho wa wiki, hana sababu ya kufunga vipande vitatu vya seramiki. Atachoka ndani ya wiki moja ya kubalansi kwenye mitaa ya Mukendo, bodaboda wakimkata mbele na mama wa dagaa akivuka na beseni kichwani. Kwa Subaru yenye turbo iliyoongezwa nguvu kidogo, chaguo la busara ni presha pleti imara zaidi pamoja na sahani ya oganiki yenye springi katikati. Springi hizo humeza mshtuko kabla haujafika kwenye gia. Sahani isiyo na springi ibaki kwa gari linalobebwa juu ya trela kwenda mashindanoni.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia klachi ngumu kuliko zote, na mafundi wa Subaru huijua kwa machungu. Gia boksi ya gia tano ya Impreza WRX haina sifa ya ugumu. Meno ya gia zake huvunjika magurudumu yote manne yanaposhika lami kwa pamoja na injini ikaachiwa kwa kishindo. Klachi inayokubali kuteleza kidogo wakati wa mshtuko hufanya kazi ya fyuzi ya umeme: inaungua yenyewe ili kitu cha bei zaidi kisiungue. Ukifunga klachi isiyoteleza kamwe, mshtuko wote huhamia kwenye gia. Badala ya kununua sahani, mwenye gari ataanza kutafuta gia boksi iliyotumika, na hiyo Musoma haipatikani kwa siku moja.

Adui mkubwa wa klachi za Mara ni joto, na joto hilo huzaliwa wakati wa kuondoka. Gari la kilo 1,400 likiondoka taratibu, klachi ikashika kabisa kwenye mwendo wa kilomita 18 kwa saa, karibu jouli 17,500 za joto huingia kwenye sahani na flaiwili. Dereva akipandisha injini juu na klachi ikaja kushika kwenye kilomita 36 kwa saa, joto hilo hufika karibu jouli 70,000. Mwendo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Sasa lichukue gari hilo siku kama 14 Oktoba, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, foleni ya wageni ikipanda taratibu kuelekea Mwitongo, Butiama, alikozikwa. Dereva anayelizuia gari mlimani kwa pedali ya klachi badala ya breki ya mkono anaichoma sahani kila sekunde. Mlima wenyewe hauna kosa.

Mvua ikinyesha, hatari inahamia tambarare. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaoshika tairi mpaka gari linakaa kwa tumbo, umeua klachi nyingi nje ya lami za Bunda. Dereva huingiza gia ya nyuma, gia ya kwanza, nyuma tena, akipandisha injini na kuachia klachi nusu. Dakika chache za kazi hiyo zinaweza kula utando ambao ungedumu miaka. Ni bora kuita watu, kutafuta kamba na kulivuta gari kuliko kushindana na tope kwa turbo.

Kuhusu ununuzi, Musoma ina maduka ya spea, lakini klachi ya Subaru ya turbo mara nyingi huagizwa Mwanza, umbali wa kama kilomita 220, au Kariakoo jijini Dar es Salaam, au kutoka Nairobi kupitia Sirari. Umbali huo humnyima mnunuzi nafasi ya kushika bidhaa mkononi kabla ya kulipa, na bidhaa bandia hupenya hapohapo. Boksi lenye jina la Exedy, kampuni ya Kijapani inayozitengenezea klachi Subaru nyingi zinapotoka kiwandani, ni rahisi kughushi. Sahani yenyewe ni vigumu zaidi. Namba iliyogongwa kwenye presha pleti ilingane na ile ya boksi. Riveti zikae sawasawa bila nyufa pembeni yake. Springi za katikati zisicheze zikitikiswa. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuzikamata bidhaa za namna hiyo, lakini malalamiko bila risiti hayana miguu.

Kabla ya kuagiza, fundi apate namba ya chesisi na, kwa Subaru, ajue kama gia boksi ni ya gia tano au sita. WRX nyingi za turbo za gia tano hutumia presha pleti inayovutwa, wakati Subaru zisizo na turbo hutumia inayosukumwa. Aina hizo mbili haziingiliani. Rilizi beringi hutofautiana, uma hutofautiana, na kosa hilo hugundulika gari likiwa tayari juu ya stendi.

Sasa kazi yenyewe. Gia boksi ni nzito kiasi cha kumvunja mtu mguu, na gereji nyingi bado huweka mawe au vipande vya magogo chini ya gari. Hilo halikubaliki. Jeki ni ya kunyanyulia. Gari lilale juu ya stendi za chuma nne, kwenye sakafu ngumu, au lifanyiwe kazi juu ya shimo la gereji lililojengwa vizuri. Hakuna klachi yenye thamani ya kifua cha kijana wa gereji.

Kwenye Impreza, fundi huondoa betri, kipoozeo cha hewa ya turbo kilichokaa juu ya injini, stata, bomba la moshi, shafti ya nyuma na shafti za magurudumu ya mbele. Wengine huona ni wepesi zaidi kuinua injini yenyewe kuliko kushusha gia boksi, kwa sababu injini ya Subaru ni fupi na imelala. Njia zote mbili ni halali. Kilicho muhimu kwenye klachi ya kuvuta ni hatua moja ambayo asiyeijua huiruka: beringi imenasa ndani ya vidole vya presha pleti, na uma umeishika. Ubavuni mwa nyumba ya klachi kuna kizibo kinachofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10. Ndani yake kuna shafti ya uma yenye uzi. Bolti ya milimita 6 hukazwa humo, shafti ikavutwa nje, uma ukawa huru. Ndipo injini na gia boksi hutengana kwa amani. Anayeingiza mtaimbo na kulazimisha hupasua nyumba ya alumini.

Vumbi lililomo ndani lisipulizwe kwa kompresa. Utando wa zamani unaweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu kimyakimya kwa miaka. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha, na kitupwe baada ya kazi.

Flaiwili itazamwe kwenye mwanga. Madoa ya bluu ni alama za kuungua; nyufa ndogo zinazotoka katikati kwenda nje ni hatari zaidi. Ikiwa na mikwaruzo tu, ipelekwe kwa mkereza vyuma ikachongwe usawa. Ikiwa na nyufa za kina, itupwe, kwa sababu flaiwili inayopasuka kwenye mzunguko wa juu hukata chochote kilicho njiani mwake. Vijana hupenda flaiwili nyepesi ili injini ipande haraka, na kweli hupanda. Lakini flaiwili nzito ndiyo inayolisaidia gari kuondoka mlimani bila kuzima, na kwa gari linalopanda Butiama likiwa na abiria wanne, uzito huo una faida.

Wakati gia boksi iko chini, rilizi beringi, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili na sili ya krenki vibadilishwe vyote, hata vikionekana vizima. Bei yake ni ndogo mbele ya gharama ya kushusha tena.

Mafuta ya kuzuia kutu kwenye presha pleti mpya yafutwe kwa dawa ya kusafishia breki. Meno ya katikati ya sahani yapakwe grisi ya joto kali kwa wembamba wa kuonekana tu. Ikizidi, itarushwa kwenye utando. Upande wa sahani wenye springi zilizochomoza hutazama gia boksi, na sahani nyingi huandikwa upande wa flaiwili. Sahani iwekwe katikati kwa kifaa cha plastiki kinachokuja na klachi. Kisipokuwepo, shafti iliyokatwa kutoka gia boksi iliyokufa ni bora kuliko kipimo cha jicho.

Bolti za flaiwili ya injini ya EJ hukazwa kwa nyutoni-mita 72. Zile za presha pleti ni karibu 16 tu, na hapa mikono yenye nguvu hufanya uharibifu: fundi aliyezoea kukaza mpaka bolti ilie hukata uzi au kuipinda presha pleti. Zikazwe kidogo kidogo, kwa mpangilio wa kuvukana, kwa spana ya kupimia. Halafu gia boksi ipandishwe kwa jeki mpaka ikutane na injini, bila kuachwa hata dakika moja ining'inie kwa shafti yake ndani ya sahani. Uzito huo huipinda sahani katikati, na klachi mpya haitaachia vizuri tangu siku ya kwanza. Kwenye ile ya kuvuta, uma husukumwa mwishoni mpaka beringi inase kwenye vidole kwa mlio unaosikika. Mlio usiposikika, kazi haijaisha.

Mfumo wa pedali ujazwe mafuta mapya ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyoelekeza, na hewa itolewe yote. Oili ya haidroliki au ya usukani huvimbisha raba za masta silinda. Kisha jaribio: injini ikiwa imewashwa na gari limesimama, pedali ikanyagwe, dereva asubiri sekunde chache na aingize gia ya nyuma. Ikiingia kimya, sahani inaachia. Ikisaga, hitilafu itafutwe kabla gari halijatoka getini.

Baada ya hapo kuna kipindi ambacho wengi hawakiheshimu. Klachi ya oganiki huhitaji kilomita 500 hadi 800 za kuzoeana na flaiwili kabla ya kukanyagiwa mafuta mpaka mwisho. Lakini kilomita za barabara kuu hazihesabiki sana. Anayekwenda Mwanza na kurudi atasoma zaidi ya 400 kwenye dashibodi, na bado klachi yake haijazoea chochote, kwa kuwa kwenye gia ya tano sahani imekaa tuli. Kinachoizoesha ni kuondoka na kusimama. Mzunguko wa Nyasho, Mwigobero, Iringo na Bweri, siku baada ya siku, kwa mafuta kidogo, hufanya kazi ambayo safari ndefu haiwezi.

Kipindi hicho kikiisha, gari lirudi gereji kuangaliwa uvujaji na uhuru wa pedali. Anayetaka kujua gari lake linaweza nini aulize ratiba ya mashindano yanayosimamiwa na Chama cha Magari Tanzania, AAT. Barabara ya Bunda si mahali pa kulijaribia: ina ng'ombe, watoto wa shule na, upande wa Serengeti, wanyama wanaovuka bila taarifa. Na katika daftari la gari viandikwe namba ya klachi, tarehe iliyofungwa, kilomita zilizosomwa siku hiyo na unene uliobaki wa flaiwili baada ya kuchongwa, ili fundi atakayeshusha gia boksi mara ijayo ajue kama chuma hicho kinaweza kuchongwa tena au kinunuliwe kipya kabla kazi haijaanza.